Ile redio iliyo nyuma yako kwenye picha

Mwanangu,

Picha zimefika, na swali lako pia. Mama yako anakusalimu, anasema hilo koti ni jepesi mno kwa baridi ya huko. Mimi macho yangu yalikwenda moja kwa moja kwenye redio iliyo nyuma yako.

Unasema mwongozaji wa makumbusho aliwaambia kwamba redio ile ya wakati wa Hitler ilitengenezwa isiweze kushika stesheni za nje, ndiyo maana Wajerumani wakaamini kila walichoambiwa. Halafu ukaniuliza: "Baba, nchi yenye wasomi wengi kiasi kile ilidanganywaje na kisanduku? Wewe ni fundi, nieleze." Basi nianzie kwenye ufundi, kwa sababu hapo ndipo mwongozaji wenu alipoteleza.

Redio ile iliitwa VE 301. Hiyo 301 si namba ya kiwandani, ni tarehe: 30 Januari, siku Hitler alipopewa ukansela, yaani uongozi wa serikali, mwaka 1933. Ilitolewa Berlin Agosti mwaka huohuo kwa mark 76, bei ambayo mfanyakazi wa kawaida angeweza kujikongoja akailipa. Mwaka 1938 ikaja nyingine ndogo zaidi ya mark 35, na watu wakaibandika jina la utani, mdomo wa Goebbels, yule waziri wa propaganda. Ni kweli haikuwa na masafa mafupi, yale yanayofika mbali zaidi. Ilikuwa na masafa ya kati na marefu tu. Lakini mtu yeyote aliyewahi kukesha na redio anajua masafa ya kati hufanya nini jua likizama. Stesheni ambayo mchana huisikii kabisa, usiku inaingia kana kwamba inatangazia jirani. Ukiwa na waya mrefu wa antena na subira, redio ile ilishika nje.

Na wakubwa walilijua hilo. Ndiyo maana tarehe 1 Septemba 1939, siku walipoivamia Poland, walitoa amri kwamba kusikiliza stesheni za nje ni kosa la jinai. Anayesikiliza anafungwa, na anayesambaza alichosikia anaweza kunyongwa. Redio zikawa zinatundikiwa kikadi palepale pa kuzungushia stesheni, kikimkumbusha mwenye nyumba adhabu inayomngoja. Sasa niambie, kama redio haikuweza kushika nje, kikadi cha nini?

La pili, redio haikumleta Hitler. Kabla ya 1933 redio ilikuwa mikononi mwa serikali zilizokuwepo, na chama chake cha Wanazi kilikuwa hakipewi nafasi ya maana hewani. Uchaguzi wa 1928 kilipata asilimia 2.6 ya kura. Mwaka 1930 kikapata 18.3, na Julai 1932 kikafika 37.3. Katikati hapo dunia ilianguka kiuchumi, na mapema 1932 Wajerumani walioandikishwa kuwa hawana kazi walivuka milioni sita. Wengi husimulia ule mfumuko wa bei wa 1923, noti zikibebwa kwa toroli. Toroli zilikuwepo, lakini hesabu za kura zinaonyesha kwamba miaka mitano baadaye chama kile bado kilikuwa si kitu.

Kulikuwa na uongo mwingine wa zamani zaidi, uliokuwa umeota mizizi: kwamba mwaka 1918 jeshi la Ujerumani halikushindwa vitani, lilichomwa kisu mgongoni na wanasiasa na Wayahudi. Hapo sisi huku tuna kipande chetu. Von Lettow-Vorbeck, yule kamanda wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki aliyeburuta vita kutoka Tanga hadi Msumbiji na kurudi, huku wapagazi wakifa njiani kwa njaa na maradhi bila hata kuandikwa majina, alikuja kusalimisha silaha Abercorn, Mbala ya leo huko Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kumalizika Ulaya. Mwaka 1919 akapita Berlin kwa gwaride, akishangiliwa kama jemadari asiyeshindwa. Mwaka uliofuata alikuwamo katika jaribio la kuipindua serikali ya jamhuri. Watu waliokwishashiba hadithi ya ushindi ulioibiwa hawahitaji redio kuwaambia kuna mwizi. Wanangoja tu kutajiwa jina lake.

Halafu kuna jambo ambalo vitabu vya shule hulipita haraka. Novemba 1932 kura za Hitler zilishuka hadi 33.1. Alikuwa anateremka. Aliyemwinua ni kundi dogo la wakubwa, akina von Papen, kansela wa zamani, waliomshawishi Rais Hindenburg ampe serikali, katika baraza ambalo Wanazi walikuwa watatu tu pamoja naye. Walidhani wamempangisha chumba cha uani. Italia ilikuwa vivyo hivyo mwaka 1922: mfalme alikataa kusaini amri ya hali ya hatari ya kuwazuia Wafashisti, na Mussolini, kiongozi wao, ambaye kazi yake ya awali ilikuwa uhariri wa magazeti, akaenda Roma kuchukua serikali kwa treni ya usiku. Kwenye picha za baadaye utadhani aliteka mji.

Mpangaji hakukaa uani. Tarehe 27 Februari 1933 jengo la bunge liliungua. Kesho yake haki za raia zikasimamishwa, wapinzani wakaanza kuzolewa. Tarehe 23 Machi bunge likampa mamlaka ya kutunga sheria peke yake, kura 444 kwa 94. Baada ya hapo ndipo redio ikaanza kazi yake. Na kazi yenyewe haikuwa hotuba mchana na usiku. Goebbels aliwaonya watangazaji mwezi huohuo wa Machi wasichoshe watu. Wakapiga muziki. Hotuba kubwa zilipokuja, mashine zilizimwa viwandani, vipaza sauti vikafungwa viwanjani, watu wakasimama pamoja kusikiliza. Hebu mfikirie fundi mmoja pale uani kwa kiwanda. Haamini nusu ya anayosikia. Anamtazama mwenzake wa kushoto, naye katulia. Wa kulia katulia. Kila mmoja anarudi nyumbani akiamini mwenye shaka ni yeye peke yake. Hiyo ndiyo kazi ninayoiona mimi. Wasomi nao walisimama humohumo.

Hili sikulitoa kitabuni. Unajua mwaka 1994 nilikuwa na kibanda changu Ngara. Mwisho wa Aprili watu zaidi ya laki mbili walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja tu. Wengine walibeba godoro, wengine mbuzi, na wengi sana redio. Nilitengeneza redio mwaka ule kuliko mwaka wowote. Alikuja mzee mmoja na redio ndogo ya betri, spika imekatika waya. Tukaelewana, yeye kwa Kinyarwanda, mimi kwa Kihangaza changu. Nilipoifungua nikaona juu ya kioo cha stesheni kuna mstari umechorwa kwa kalamu ya wino, ili mshale ukifika pale usihangaike. Nikamuuliza ni stesheni gani. Akaitaja RTLM, ile stesheni ya Rwanda iliyoanza Julai 1993 na baadaye, wakati wa mauaji ya kimbari, ikawa inataja majina ya watu na mahali walipojificha ili wauawe. "Ilikuwa na muziki mzuri kuliko zote," akasema. Hakusema zaidi, nami sikumwuliza. Nikalehemu waya. Nilipochukua spiriti nifute ule mstari, akanishika mkono.

"Acha," akasema. "Wanangu walikuwa wanauona."

Mpaka leo sijui alimaanisha nini.

Ukirudi pale makumbusho, iangalie ile redio nyuma na ubavuni. Ukiona matundu ya kuchomeka waya wa antena, yahesabu, yapige picha, unitumie. Na mwambie mwongozaji wenu baba yako anamsalimu.

Baba yako