Uvimbe wa titi: umetoka wote? Majibu kwa wasomaji

Nitatolewa uvimbe wa titi Kampala. Daktari amesema watapiga altrasaundi mle mle chumba cha upasuaji. Si nilishapigwa? (Msomaji, Arua)

Dada yangu, ile ya kwanza ilionyesha uvimbe uko wapi. Hii ni ya kuhakikisha umetoka. Donge likishatolewa hupakwa jeli au kutiwa kwenye maji ya chumvi, kisha kipimo hupitishwa juu yake. Mara nyingi uvimbe huonekana mweusi kuliko nyama inayouzunguka. Ukiwa umezungukwa na nyama nzima pande zote, vizuri. Ukigusa ukingo, mpasuaji huongeza kukata upande huo huo kabla hajakushona. Ndiyo maana donge hufungwa nyuzi za alama, kwa kawaida fupi upande wa juu na ndefu upande wa nje. Bila hizo, upande wenye shida hautajulikana.

Wapo pia wanaotumia altrasaundi wakati wote wa kukata. Utafiti wa Uholanzi uliotoka mwaka 2013, kwa wagonjwa wenye saratani ya titi inayopapasika, ulikuta kingo zenye saratani kwa asilimia 3 ya waliopasuliwa kwa msaada wa altrasaundi, na asilimia 17 ya waliopasuliwa kwa kupapasa tu. Kwa mtu anayetoka Arua, kurudi kupasuliwa tena ni nauli upya, kitanda upya na watoto kuachwa upya. Kwangu mimi, kipimo hiki kinastahili kuulizwa kila mahali penye mashine.

Kama picha inaonyesha umetoka wote, maabara ya nini? (Jinja)

Maabara ni lazima, mama. Altrasaundi haioni seli. Haiwezi kuapa kwamba uvimbe si saratani, wala kwamba hakuna vijiseli vilivyobaki ukingoni. Mtaalamu wa patholojia hupaka wino nje ya donge na kulitazama kwa darubini. Kwa saratani iliyokwisha kupenya nyama ya titi, ukingo ni safi ikiwa wino haujaguswa na saratani. Kwa ile iliyo bado ndani ya mirija, hutakiwa nafasi ya milimita 2 kati ya saratani na wino.

Mkikabidhiwa chombo mpeleke wenyewe, hakikisheni donge limezama kwenye formalini (dawa ya kuhifadhi nyama isioze), si maji, na jina na upande wa titi vimeandikwa. Chombo kifike siku hiyo hiyo. Inaniuma sana kuona donge lililotolewa kwa shida likiozea kwenye mfuko.

Altrasaundi yenyewe haisambazi saratani? (Mbale)

Hapana. Ni mawimbi ya sauti, hayana mionzi. Hata mjamzito hupigwa.

Hospitali yetu haina mamografia (eksirei ya titi). Altrasaundi inatosha? (Gulu)

Kwa uvimbe unaoonekana wazi kwenye altrasaundi, kama fibroadenoma (uvimbe usio saratani) za wasichana, inasaidia vizuri. Lakini kama ugonjwa ulionekana kwenye mamografia kama vipunje vya chokaa tu, altrasaundi huenda isivione; donge hilo lipigwe eksirei.

Wiki mbili baada ya upasuaji napapasa kitu kigumu. Umerudi? (Kampala)

Mapema hivi, mara nyingi huwa ni damu au maji yaliyojaa pale palipokatwa, au kovu linalokomaa. Rudi kwa aliyekupasua, ukiwa na ripoti ya altrasaundi na jibu la maabara. Pakiwa pekundu, pa moto, panatoa usaha, au una homa, nenda leo.