Tepe ya maji kwenye bomba la gesi?

Kaka wa Nyakato, Mwanza, unauliza kama tepe nyeupe ya mafundi maji inafaa kwenye bomba la gesi. Achana nayo, ni nyepesi mno. Dukani ulizia ya njano, nzito, iliyoandikwa ni ya gesi. Acha tredi (jino la bomba) ya kwanza wazi, zungusha mara mbili tatu kufuata upande wa kukazia, vuta ikae ndani ya meno. Silikoni ya madirisha usithubutu!

Ila kwenye regulata ya mtungi usiweke tepe kabisa, pale kazi ni ya mpira wake. Mimi huku Kirumba nilikaza wee, gesi bado inanuka, kumbe kampira kamepasuka. Ukimaliza pakaa maji ya sabuni kwenye maungio. Yakitoa mapovu, funga mtungi, fungua maungio, anza upya.