Matroli yanayofanana na katuni: anza na msitu

Ndugu, umeuliza kwa nini matroli, yale majitu ya msituni, unayochora kwa rangi za maji yanaishia kuwa vikaragosi, wakati unataka ule mwonekano wa hadithi za kale za Skandinavia. Nadhani unamchora troli kwanza, kisha unambandikia miti nyuma. Geuza mpango: chora msitu, halafu mtoe troli humo humo.

Mtazame mchoraji Theodor Kittelsen wa Norwe. Troli wake wa msituni wa mwaka 1906 ameota miti mwilini. Ukipita haraka utadhani ni kilima tu, mpaka jicho lake likukamate. Meno hayana kazi kubwa hapo, na kwako pia ningeyapunguza.

Kisha msome kwa macho John Bauer wa Uswidi, aliyeanza mwaka 1907 kuchorea kitabu cha hadithi kilichotoka kila mwaka, Bland tomtar och troll. Majitu yake yana pua ndefu, ngozi ya rangi ya mawe na ukungu, na sura ya upole (hata ya kizembe, nikisema kweli). Kando yake anasimama binti mdogo mweupe, naye ndiye mwanga wote wa picha.

Kwa hiyo hifadhi weupe wa karatasi kwa umbo moja dogo. Kwingine pakaza tabaka nyepesi za kahawia na bluu, kila moja ikauke kwanza. Nyeusi ya tyubu iache. Na nunua karatasi ya gramu 300 kwa mita ya mraba, nyembamba itajikunja tu.