Usigawe pakiti, gawa bakuli

Żurek niliionja mara ya kwanza mjini Łódź, mwezi wa pili, siku ambayo hata kope zilikuwa zinagandana. Sisi tuliokwenda kusoma Poland tulianzia pale, kwenye chuo cha kufundishia wageni Kipolandi ambacho kipo tangu 1952. Unapigwa lugha mwaka mzima, ndipo unatawanywa kwenda vyuo vingine. Kantini wakanipa bakuli la kitu cheupe, kizito kidogo, kinanukia uchachu, na nusu yai la kuchemsha limekaa katikati. Nikaonja kijiko kimoja, nikacheka peke yangu. Uji! Uji wa kuchacha kabisa, kama wa nyumbani, sema huu umetiwa soseji na kitunguu saumu, na unga wake ni wa rai, nafaka jamaa ya ngano inayovumilia baridi.

Sasa naishi Peterborough, Uingereza, na Poland nimeiacha miaka mingi. Lakini nikitoka zamu ya usiku nimechoka, mtori siukumbuki. Naikumbuka żurek. (Mama, kama unasoma hapa, nisamehe.) Na kwa kuwa kabati langu halikosi pakiti kumi na kitu za supu za Kipolandi, nimegeuka wakala: jirani, wenzangu kazini, watu wa jumuiya yetu ya Watanzania, wote wameshaonjeshwa. Wengine walipenda. Wengine walinitazama kama nimewaroga. Haya ndiyo niliyojifunza.

Kuzipata si shida. Poland iliingia Umoja wa Ulaya tarehe 1 Mei 2004, na Uingereza ilikuwa miongoni mwa nchi chache zilizowafungulia mlango wa ajira siku ileile. Walikuja kwa wingi, na maduka yakawafuata. Hapa kwetu nenda Lincoln Road, tafuta kibao cha Polski Sklep au Delikatesy. Supamaketi kubwa nazo zina rafu ya vyakula vya Kipolandi, na mara nyingine bei yake ni nafuu. Bado mimi nakushauri uanzie duka dogo. Ukiingia sema "dzień dobry", itamke kama "jen dobri", hata kama huna neno lingine la Kipolandi. Kwao kuingia dukani kimya ni kama kwetu kupita kibarazani kwa watu bila kubisha hodi. Ukishasalimia, dada wa kaunta atakuonyesha hata ambavyo hukuuliza. Walioko Chicago wana Milwaukee Avenue, wa New York wana Greenpoint kule Brooklyn, na adabu ni ileile.

Sasa ununue nini? Rafu itakuchanganya: Winiary, Knorr, na wengine kibao, pakiti zote zina picha ya bakuli linalofuka moshi. Mimi nina kanuni moja. Nalipia kile ambacho sufuria yangu haiwezi kukifanya kwa haraka. Rosół, ile supu ya kuku ya Jumapili, sinunui ya pakiti hata siku moja. Chemsha kuku wako na karoti na kitunguu, utakuwa nayo bora mara kumi. Pomidorowa, ya nyanya, vilevile, maana Wapolandi wenyewe huipika Jumatatu kwa rosół iliyobaki jana. Lakini uchachu hauna njia ya mkato. Unga wa rai unalowekwa na maji na kitunguu saumu, unakaa siku nne tano mpaka uchachuke. Basi pesa yako peleka huko: żurek, barszcz biały ambayo ni nduguye wa unga wa ngano, na ogórkowa ya matango yaliyochachushwa kwa chumvi.

Tena kama unaweza, pita pakiti, nenda kwenye friji. Karibu na maziwa mala yao utakuta chupa imeandikwa żurek au zakwas, kioevu cheupe na matope yametuama chini. Huo ndio mchachuko wenyewe, bado haujawa supu. Tikisa chupa hadi matope yainuke, kisha fungua polepole juu ya sinki. Mimi ya kwanza niliifungua kwa pupa, ikanirukia usoni kama soda, na pazia la jikoni mpaka leo lina doa.

Za kikombe, kama Gorący Kubek, nabeba kazini, basi. Na zile tambi za pakiti wanazoita zupki chińskie, yaani visupu vya Kichina, ni chakula cha bweni. Nimezila vya kutosha, sina la kuongeza.

Kupika ya pakiti ni kazi ya dakika kumi, ila kuna kosa moja ambalo kila mtu hulifanya. Anachemsha maji, anamimina unga, unageuka madonge. Jamani, uji hatuupiki hivyo! Koroga unga kwenye maji baridi kwanza, ulainike, ndipo uumimine kwenye maji yanayochemka huku unakoroga. Tia viazi vilivyoiva tayari, soseji, yai, na majeranek, yale majani makavu utakayoyakuta pembeni ya supu. Yasugue kwa viganja juu ya sufuria, harufu ndiyo itatoka. Ukipenda krimu, ichanganye kwanza na upawa mmoja wa supu ya moto ili isikatike. Chumvi usiguse kabla hujaonja. Pakiti hizi zina chumvi ya kutosha, na kama unampikia mzee mwenye presha ongeza maji, au mpikie kitu kingine.

Ya kugawa ndiyo yenye hadithi ndefu.

Nina jirani yangu wa Mombasa, mtu mzima kuliko mimi, namwita dada. Mwaka wa kwanza nilipohamia hapa alikuwa ananiletea mahamri kila Jumamosi. Nami siku moja nikaona nirudishe fadhila. Nikachukua pakiti ya żurek, nikaifunga kwenye karatasi nzuri, nikampelekea mlangoni. Alifurahi. Jioni akanigongea, pakiti mkononi, bado haijafunguliwa.

"Mdogo wangu, hebu nisomee hapa nyuma. Hili neno la nini?"

Nikasoma. *Boczek wędzony.* Nilisoma Kipolandi mwaka mzima, nimeishi kwao, na sikuwa nimeigeuza pakiti hata mara moja. Ni nyama ya nguruwe, ya tumbo, iliyokaushwa kwa moshi. Nilitamani ardhi ipasuke. Yeye akacheka tu, akasema afadhali aliuliza. Mahamri yaliendelea kuja, lakini mimi sikulala vizuri.

Kwa hiyo, kabla hujampa mtu yeyote, geuza pakiti. Neno lolote linaloanza na *wieprz-* ni nguruwe: wieprzowina, wieprzowy, tłuszcz wieprzowy. Boczek ni hiyo niliyokwambia. Słonina ni mafuta mabichi ya nguruwe, smalec ni yaliyoyeyushwa. Wołowina au wołowy ni ng'ombe, drobiowy ni kuku na jamii yake. Na usije ukajidanganya kwamba ikishakuwa ya ng'ombe mambo yameisha. Mwenzako ataka kujua ilichinjwaje, na pakiti haikuambii. Kwa Mwislamu tafuta isiyo na nyama kabisa. Wenye mzio nao waangalie maneno yaliyokolezwa wino: mleko ni maziwa, jaja mayai, gorczyca haradali, seler ni figili, ile ambayo Waingereza huiita celery, na huyo seler hakosekani karibu kwenye supu yoyote ya Kipolandi. "Może zawierać" maana yake huenda ikawa na.

Niliporudi kwa dada yule sikwenda na pakiti. Nilinunua mchachuko wa chupa. Nyuma imeandikwa maji, unga wa rai, kitunguu saumu na viungo, kwisha. Nikaenda bucha la halali nikachukua soseji za ng'ombe, nikapika kwenye sufuria mpya, nikamwalika aje aonje ikiwa inatoka jikoni. Alikunywa kijiko kimoja akanitazama. "Huu si uji wa futari huu?"

Hapo ndipo nilipojua siri yenyewe. Mtu ukimpa pakiti yenye lugha asiyoijua, umempa kazi ya nyumbani. Itakaa kabatini hadi tarehe ipite. Ukimpa bakuli la moto, na ukaanza na ile inayofanana na cha kwao, keshafika nusu ya safari. Watu wa uji wa kuchacha waanzie żurek. Jamaa zangu wa Arusha na Moshi niliwaanzishia flaki, maana ni supu ya utumbo, hakuna cha kueleza zaidi. Inauzwa imeshaiva, kwenye kopo au chupa ya kioo, Pudliszki na Pamapol wanazitengeneza. Nilipasha moto, nikaongeza tangawizi, nikaweka ndimu na pilipili mezani. Mzee mmoja aliuliza nimepata wapi mpishi wa Kichaga.

Barszcz czerwony iache ya mwisho. Ni nyekundu kama damu, na nimeona watu wazima wakisogeza viti nyuma. Ni bitiruti tu, Wapolandi huila usiku wa tarehe 24 Desemba na vidonge vidogo vya unga vyenye uyoga ndani, viitwavyo uszka, yaani vijisikio. Nunua ya chupa, iliyokolezwa, kama Krakus, uizimue kwa maji ya moto. Usiiache ichemke kwa muda mrefu, rangi itakufa iwe kahawia. Na usiipeleke kwenye nyumba yenye zulia jeupe.

Kuhusu kubeba kwenye begi, nina machungu. Niliwahi kutoka Warsaw na chupa mbili za flaki nimezizungushia sweta. Moja ilipasuka. Sweta lile nililitupa uwanja wa ndege, na begi lilinuka utumbo hadi Pasaka. Siku hizi jambo lenyewe limekuwa gumu zaidi: tangu tarehe 12 Aprili 2025 abiria walikatazwa kuingia Uingereza na nyama ya ng'ombe, kondoo, mbuzi au nguruwe, na maziwa na vitokanavyo, kutoka nchi za Umoja wa Ulaya, hata kama kimefungwa vizuri na kilinunuliwa uwanja wa ndege. Sababu ni ugonjwa wa miguu na midomo kwa mifugo. Angalia sheria inasemaje siku unayosafiri. Nikienda nyumbani Tanzania nabeba pakiti kavu zisizo na nyama, chache, basi.

Na nyumbani zina wenyewe kuliko nilivyodhani. Kwetu si mbali na Tengeru, pale ambapo Wapolandi wapatao 5,000 waliwekwa kambini kuanzia 1942, baada ya kutolewa Urusi wakapitia Iran. Makaburi yao bado yapo. Siku moja kwenye foleni pale Lincoln Road, bibi mmoja wa Kipolandi aliona kikapu changu, akaniuliza natoka wapi. Nikasema Arusha. Akasema "Tengeru" kabla sijamaliza. Shangazi yake alikulia pale. Akachungulia tena kikapu, akazitoa pakiti zangu mbili za żurek, akazirudisha kwenye rafu kwa mkono wake mwenyewe, akanielekeza nyumbani kwake nikachukue mbegu ya mchachuko.

Mbegu hiyo iko jikoni kwangu kwenye chupa ya mayonezi, nimeifunika kitambaa. Nailisha unga wa rai kila wiki. Nusu yake ilihamia kwa dada wa Mombasa, na Ramadhani iliyopita ndiye aliyeniletea mimi bakuli, magharibi imeshaingia. Alikuwa ametia pilipili manga na ndimu, majeranek hakuna. Nikamwambia yule bibi akiionja hii atazimia.

"Muache azimie," akasema. "Wewe bakuli langu lirudi, na lisirudi tupu."