Mashine ya masikio iliyolala kabatini: maswali yenu na majibu

Barua nyingi safari hii zina kisa kimoja. Mashine ya kusaidia kusikia imepatikana kwa shida, imevaliwa siku chache, kisha imefungiwa kabatini, na mwenye nayo analaumiwa kwa ukaidi. Kazi yangu ni kupima usikivu na kuwavalisha watu mashine hizi, na lawama hiyo siikubali. Mashine nyingi huachwa kwa sababu mvaaji alikabidhiwa, akaenda nyumbani, na hakuna aliyemwambia arudi ili irekebishwe.

Shikamoo daktari. Tulichangishana ndugu wote tukamnunulia baba mashine mbili. Baada ya wiki mbili amezivua, anasema zinampigia kelele. Ni uzee tu au hataki? (Binti mkubwa, Morogoro)

Marahaba. Mpe mzee salamu zangu, na mwaminini: kelele anazozisema zipo kweli. Usikivu wa uzeeni hupungua polepole kwa miaka mingi, mwenyewe asijue. Siku anapovalishwa mashine, vyote alivyovisahau vinarudi kwa pamoja: vijiko kwenye sahani, mvua kwenye bati, feni, nyayo zake mwenyewe. Ubongo unahitaji wiki kadhaa, pengine miezi, kujifunza upya kipi cha kusikiliza na kipi cha kuacha kipite.

Kuna na jambo ambalo familia nyingi hazielezwi. Sikio la namna hii halisikii sauti ndogo, lakini sauti kubwa huliumiza kama linavyoumia sikio zima, wakati mwingine zaidi. Ndiyo maana mkisema taratibu hasikii, mkipaza anauliza mbona mnamfokea. Mashine inatakiwa kukuza zile ndogo na kuzibana kubwa, na hilo hupangwa kwa kompyuta kufuata vipimo vya masikio yake yeye. Mashine iliyonunuliwa na kuvaliwa vivyo hivyo, bila kipimo, haijui mpaka wake uko wapi.

Kwa hiyo mrudisheni kwa mtaalamu, lakini mwende na karatasi. Andikeni kila kinachomkera na mahali kilipomkera. "Zinasumbua" haitoshi kumwongoza mtaalamu. "Bodaboda ikipita nashtuka" inatosha. "Sauti yangu mwenyewe inavuma kama nimeingiza kichwa mtungini" inatosha pia, kwani hapo huenda sikio limezibwa mno, na kile kizibo cha mashine kinachoingia sikioni kinahitaji tundu la hewa. Ombeni sauti ishushwe kwa sasa, ipandishwe kidogo kidogo kadiri anavyozoea. Nyumbani aanze saa chache kwa siku, chumba kimetulia, akizungumza na mtu mmoja.

Nanyi msimpigie kelele. Sauti zinazopotea mwanzo ni nyembamba, kama s, f, sh na t, ndiyo maana mzee anaweza kuchanganya sita na tisa. Ukipaza sauti unakuza irabu tu, konsonanti zinabaki pale pale. Kaa mbele yake, akuone mdomo, sema polepole.

Mwanangu, yangu inapiga mluzi hadi wajukuu wanacheka. Nimeishusha sauti, sasa sisikii kitu. (Babu, Tanga)

Shikamoo mzee wangu. Ipandishe sauti irudi ilipokuwa. Mluzi hutokea sauti iliyokuzwa inapovuja nje ya sikio na kuingia tena kwenye maiki ya mashine. Mjukuu akikukumbatia ikalia, hiyo ni kawaida. Ikilia umekaa peke yako, kuna mawili matatu: kizibo hakijaingia vizuri, kimekuwa kikubwa au kidogo kwa sikio lako, mpira wake umekakamaa, au nta imejaa. Nta itolewe kliniki. Usiingize kijiti, njiti ya kiberiti wala ufunguo.

Betri zinaisha upesi na hapa kwetu haziuzwi. Nifanyeje? (Msomaji, Lindi)

Hili linaniuma. Mtu anapewa mashine, hata ya msaada, pamoja na betri za mwezi mmoja, halafu basi. Kabla ya kuchukua mashine yoyote ulizeni: betri ni namba ngapi, inauzwa wapi, bei gani? Ile yenye alama ya kahawia ni 312, ya rangi ya chungwa ni 13, ya buluu ni 675. Aliye mbali na mji afikirie ile inayochajiwa, kama umeme wake ni wa uhakika.

Betri hizi hufanya kazi kwa hewa. Ukishabandua kile kikaratasi kilichobandikwa juu yake inaanza kuisha, uvae usivae, na kukirudisha hakuizimi. Ibandue siku ya kuitumia tu, isubiri dakika chache kabla ya kufunga kimlango cha betri. Usiku acha kimlango wazi, mashine ikae kwenye kopo lenye vile vipakiti vya kukausha unyevu, maana jasho na hewa ya pwani huiua mapema. Jua kali lisiifikie. Na mtoto akimeza betri, nenda hospitali saa ileile.

Nyumbani nasikia vizuri, msikitini sipati neno. (Bi. S., Mombasa)

Ukumbi wenye mwangwi huwashinda hata wenye masikio mazima, na mashine, hata ya bei kubwa, hufanya kazi vizuri zaidi msemaji akiwa karibu, mita moja au mbili. Keti karibu na anayesema, mbali na feni. Muulize mtaalamu kama mashine yako ina mpangilio wa mahali penye kelele. Tena, kama unavaa hijabu, kitambaa kinachosugua maiki hutoa mkwaruzo mkubwa. Wanawake wengi huvua mashine kwa sababu hii na hawaisemi kliniki. Jaribu kitambaa chepesi, kilegeze sikioni, au uliza kama kiwango chako cha usikivu kinaruhusu mashine ndogo inayoingia ndani ya sikio.

Nikiacha kuvaa, masikio yataharibika zaidi? Nimesikia eti hata akili hupungua. (Mstaafu, Nakuru)

Kutovaa hakuliharibu sikio lenyewe. Kinachopotea ni mazoea ya kuelewa maneno, na mtu huanza kukwepa mazungumzo. Kuhusu akili, utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2023, wa watu wa miaka 70 hadi 84 waliofuatiliwa kwa miaka 3, haukuona tofauti kwa kundi zima. Ila kwa wale waliokuwa katika hatari kubwa zaidi ya kupungukiwa akili, kushuka kwa uwezo wa akili kulipungua kwa asilimia 48 kwa waliopewa mashine na huduma ya kufuatiliwa. Huduma hiyo ya kufuatiliwa ndiyo ninayowaombea nyote.

Lakini sikio likizima ghafla, ndani ya siku moja hadi tatu, usifikirie mashine kwanza. Muone daktari wa masikio siku hiyohiyo, kwa sababu dawa yake husaidia zaidi ikiwahi.