Usiipige hiyo risasi iliyokwama

Mkuu, toa fataki kwanza, kile kikofia kidogo kinachowasha baruti. Elekeza mtutu mahali pasipo na mtu wala nyumba, halafu ndiyo uendelee kusoma.

Umeuliza kiasi cha baruti, aina ya risasi, saiti ya kulengea na namna ya kusafisha hiyo nakala yako ya Enfield ya 1853, bunduki ya kushindilia kupitia mdomoni. Halafu mwishoni kabisa, kama jambo dogo, umegusia kwamba risasi ya mwisho leo huko Ngaramtoni imegoma katikati ya mtutu, na mdau mmoja hapo juu amekujibu "ipige tu, itatoka yenyewe". Maneno hayohayo niliambiwa na aliyeniuzia bunduki yangu. Nikayafuata.

Itatoka, ndiyo. Ndiyo maana ushauri huu haufi. Unasikia mlio, moshi unatanda, risasi imeondoka, unadhani yamekwisha. Mimi niligundua jioni wakati wa kusafisha. Kitambaa kilikuwa kinapita kwa kubana, kikafika mahali kikalegea ghafla, kisha kikabana tena. Nikapitisha kidole kwa nje: pete. Chuma kimevimba kuuzunguka mtutu wote pale risasi ilipokuwa imesimama, na mbao iliyokuwa chini yake imepasuka ufa.

Sababu yake ni hii. Risasi ikikaa juu ya baruti bila nafasi, gesi inaanza kuisukuma tangu moto unaposhika. Ukiacha uwazi katikati, gesi inachukua mwendo kwanza, kisha inaikuta risasi ya gramu 34 hivi imetulia tuli, na shinikizo linapanda ghafla hapohapo nyuma yake. Tena risasi ya Minié, aina inayotumiwa na bunduki hii, ina shimo kitakoni, imeundwa itanuke ili ishike mifuo, ile mifereji inayojizungusha ndani ya mtutu, kwa hiyo inazidi kubana palepale ilipokwama. Kinachobaki kusalimu amri ni chuma. Mimi kilivimba. Kingeweza kupasuka, na mkono wa kushoto wa mpigaji unakaa usawa huohuo.

Nilizunguka kwa mafundi wa Moshi, kila mmoja akatikisa kichwa, na nawashukuru kwa hilo, kwa sababu mtutu uliovimba ukigongwa nyundo ili ukae sawa ni kifo kinachosubiri siku yake. Ikabidi kuagiza mtutu mpya kutoka nje. Huo si spea ya bodaboda, makaratasi yake niliyapitisha polisi kama ya silaha yenyewe, na bei yake ilikaribia niliyonunulia bunduki nzima.

Yule muuzaji bado ana hasira yangu. Nilipomrudia alinijibu kwamba magobore ya babu zetu yalipigwa hivyohivyo. Babu gani? Gobore lina mtutu laini, na goroli yake inateremka bila kubana. Enfield ina mifuo mitatu na risasi inayoingia kwa kipimo. Mtu anayeuza kitu bila kujua tofauti hiyo angenyamaza tu, asingenipa ushauri wa kunitia kilema.

Sasa sikiliza, hata kama utasahau mengine yote: weka alama kwenye mdeki, ule ufito wa chuma wa kushindilia. Mtutu ukiwa safi na mtupu, tumbukiza mdeki mpaka chini, chora mstari usawa wa mdomo wa mtutu. Kisha shindilia kipimo chako cha baruti na risasi vizuri, chora mstari wa pili. Kila unaposhindilia, kabla hujagusa fataki, tazama mstari wa pili. Ukiwa juu ya mdomo, hupigi. Ama risasi haijafika chini, ama umeshindilia mara mbili. Usiseme huwezi kushindilia mara mbili. Baada ya mapigano ya Gettysburg kule Marekani, 1863, ziliokotwa bunduki kwa maelfu zikiwa na risasi mbili au zaidi ndani, na wale walikuwa askari waliofundishwa. Ukibadilisha kiasi cha baruti, chora mstari upya.

Risasi yako imekwama kwa sababu ya masizi. Zaidi ya nusu ya uzito wa baruti nyeusi haugeuki gesi, sehemu yake inabaki ndani, na kwa ukavu huu wa Januari inakauka kama ukoko. Pitisha kitambaa chenye unyevu kila baada ya mapigo machache, na paka risasi mchanganyiko wa nta ya nyuki na mafuta ya kondoo. Masika masizi yanalainika, lakini ukilala bila kuosha kwa maji ya moto na sabuni, asubuhi unaamka na kutu.

Kiasi: jeshi la Waingereza lilitumia greini 68 hivi, kama gramu 4.4. Wapiga shabaha wa leo wengi wanapunguza. Fuata kitabu cha mtengenezaji wako. Baruti nyeusi tu, na ipite kwenye kipimo kwanza, usimimine moja kwa moja kutoka kwenye chupa yake. Baruti inayotolewa kwa kufungua risasi za shotgani usiilete karibu kabisa, hiyo haisubiri risasi ikwame ndipo ipasue mtutu.

Ya leo fanya hivi. Mimina maji mdomoni mwa mtutu, na mengine yapitishe kwenye kichuchu, pale fataki inapokaa, baruti ilowe kabisa. Acha muda mrefu. Kisha funga parafujo ya kutolea risasi kwenye ncha ya mdeki, izamishe kwenye risasi na uvute taratibu, mwili wako ukiwa pembeni ya mdomo wa mtutu. Kama huna parafujo hiyo, ninayo ya .577, kipimo cha mtutu wa Enfield kwa inchi. Nijibu usiku huu, nitaiweka kwenye basi la kwanza kesho uichukue stendi ya Arusha.