Maswali ya Wasomaji: Maadili ya Biashara au Uchambuzi wa Fedha?

SWALI: Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa utawala wa biashara, na muhula ujao natakiwa kuchagua kati ya maadili ya biashara na uchambuzi wa fedha. Wenzangu wanasema maadili hufunzwa nyumbani, wala si darasani. Nichague lipi?

JIBU: Wenzako hawajakosea kabisa, kwa kuwa hakuna mhadhiri anayeweza kumfanya mlaghai awe mwaminifu kwa muhula mmoja. Hata hivyo, somo hili limekusudiwa zaidi kwa mtu mwaminifu, ili atambue mapema kwamba uamuzi unaoonekana kuwa wa kitaalamu tu, kama vile namna ya kuandika deni katika hesabu, unaweza kuwadhuru watu ambao hawamo katika kikao.

Chukua mfano wa kampuni ya Enron ya Marekani, ambayo mwaka 2000 ilikuwa na kijitabu cha maadili chenye kurasa 64, na Desemba 2001 ikaomba kinga ya mufilisi. Madeni yake yalikuwa yamefichwa katika kampuni nyingine zilizoundwa ili yasionekane kwenye mizania, yaani taarifa ya mali na madeni ya kampuni, kwa mbinu tata ambazo mtu asiyejua kusoma hesabu asingeweza kuzigundua, hata angekuwa mwadilifu kiasi gani. Kwa sababu hiyo, na najua baadhi ya wahadhiri wa maadili hawatafurahi, nakushauri uanze na uchambuzi wa fedha iwapo hesabu za kampuni bado zinakutatiza, kisha usome maadili mwaka wa tatu. Ikiwa hazikutatizi, chagua maadili sasa.

Kabla ya kujiandikisha, omba kuuona muhtasari wa kozi. Iliyo nzuri itakusomesha makala ya mwanauchumi Milton Friedman ya mwaka 1970 yenyewe, si muhtasari wake, kwa maana wengi humnukuu kuwa wajibu wa biashara ni kuongeza faida, wakaliacha sharti aliloliweka mwenyewe kwamba faida hiyo itafutwe bila udanganyifu. Kisha itakupa hoja ya mtaalamu wa usimamizi R. Edward Freeman ya mwaka 1984, kwamba mameneja wanapaswa kuwazingatia wadau wote, wakiwamo wafanyakazi na wateja, na itakutaka uamue kesi halisi na kuutetea uamuzi wako kwa maandishi. Ukikuta mtihani wenyewe ni wa kukariri fasili tu, kozi hiyo iache.